Bini ya Tatu na Mkono wa Barasa

Siku tuliyomzika Mzee Barasa kule Ndalu, vijana wa hema walianza kukunja viti kabla watu hawajamaliza kula. Mama mmoja aliinuka kidogo tu kuongeza mchuzi, akarudi na sahani yake akakuta kiti kimeshafika kwenye lori. "Haki ya nani! Sasa mnataka nikalie nini, hewa?" Kijana mmoja alikuwa anafungua kamba za hema upande ambao wazee walikuwa bado wanatafuna, na kitambaa kikaanza kuwashukia kichwani. Fundi Simiyu alikuwa ameketi karibu nami. Hatukuwa tumeonana zaidi ya miaka kumi, na nywele zake zote zilikuwa nyeupe, lakini kiwiko chake kilikuwa kile kile. Alinidunga nacho mbavuni. "Nafula, ona. Si huyo ni wewe?" Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Tulicheka mpaka machozi, na ni vizuri ilikuwa matanga, maana waliotuona walidhani tunalia. Na kwa kweli mimi nilikuwa nalia. Mambo yale mawili yalikuja pamoja, na aliyelala kwenye lile kaburi jipya ndiye aliyekuwa na haki ya kuyacheka kuliko sisi sote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ile miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kusomea kompyuta kwa mashine ambazo nyingine hazikuwaka, na Fundi Simiyu akanichukua katika duka lake mjini Bungoma. Lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na ubao: mbele redio za watu, zimefunguliwa matumbo, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe; nyuma meza ndefu yenye harufu ya risasi ya kuchomelea, na juu yake kompyuta moja ya kijivu inayotumia mfumo wa bure wa Linux. Mfumo huo aliuleta kwenye CD mpwa wake aliyekuwa chuo kikuu. Saa nne tulikunywa chai na viazi vitamu, saa saba tukala ugali na chochote kilichopatikana, na sahani tuliweka juu ya redio ya mtu bila haya. Kampuni moja ya mbegu huko Kitale ilikuwa imempa Simiyu kazi: atengeneze kadi za kupima joto ndani ya draya, yale majumba ya kukaushia mahindi ya mbegu. Yeye akachoma kadi kwa mikono yake. Mimi nikapewa kuandika dereva.

Dereva, kwa msomaji ambaye hakuwahi kuishi na mambo haya, ni programu ndogo inayokaa katikati ya kadi na kiini cha mfumo. Hao wawili hawajui kusemezana, basi dereva ndiye mkalimani. Lakini kabla hajaanza kazi ni lazima ajiandikishe, na kujiandikisha ni kuomba vitu kimoja kimoja: mlango wa kupitia, namba ya kengele ambayo kadi itaigonga ikiwa na habari, mahali pa kuandika ile habari, na mwisho jina. Simiyu alinifundisha hayo akiwa na mfupa wa kuku mkononi. "Ni kama harusi. Umeomba uwanja, umepewa. Umeomba hema, umepewa. Umeomba viti, umepewa. Ukienda kuomba sufuria unaambiwa hakuna. Sasa utafanya nini?" Nikasema nitaahirisha harusi. "Utaahirisha, sawa, na hema utaachia nani kwa shamba ya wenyewe? Unarudi nyuma, msichana. Rudisha viti, shusha hema, rudisha uwanja. Kinyume na vile ulichukua. Na usirudishe kitu hukuchukua." Aliurudia huo mwisho mara mbili. Mimi nilikuwa naandika haraka, nikaandika mara moja.

Kulikuwa na jambo la pili. Kadi zote zilipaswa kuandika joto katika jedwali moja la pamoja, na kando ya jedwali tukaweka hesabu: ni wangapi wanalitumia sasa hivi. Anayeingia anaongeza moja, anayetoka anapunguza moja. Ikifika sifuri, jedwali linavunjwa na nafasi yake inarudishwa kwa mfumo. "Harusi mbili, hema moja," akasema Simiyu. "Wa mwisho kutoka ndiye anashusha." Nililelewa na watu ambao mgeni akikaribia kushiba, msichana anatakiwa awe tayari amesimama na karai la kukusanya vyombo. Nilikuwa hodari wa hiyo kazi. Shangazi zangu walinisifu kwamba Nafula hata kijiko hakiachi mezani. Kwa hiyo niliandika sehemu ya kusafisha kwa raha kuliko sehemu nyingine zote, na nilijiona fundi. Jioni moja, nikiwa nyuma ya ubao, nilimsikia Simiyu akimwambia mteja wake, "Huyu msichana iko na kichwa, wacha. Shida yake ni moja tu, hapendi kukosea watu wakiona." Nilikasirika siku mbili nzima. Nikamtilia chai bila sukari.

Kitale nilipelekwa nikae mwaka mmoja na mashine. Nilipewa chumba cha kazi kilichokuwa stoo ya vipuri. Kuta zilinuka dizeli, na vumbi la mahindi lilitua kila mahali, kwenye kioo cha kompyuta, kwenye nyusi, kwenye chai. Dirisha lilitazama bini sita, vyumba vya draya yenyewe, kila moja kubwa kama darasa, zimejaa mahindi juu ya sakafu yenye matundu. Hewa ya moto ilisukumwa kutoka chini, kila bini na jiko lake la dizeli. Joto lilitakiwa lifike nyuzi thelathini na nane na lisipite. Likipungua, mahindi yanavunda. Likizidi, kiini cha mbegu kinakufa, na ubaya wake ni kwamba huwezi kuona: punje inabaki na rangi yake nzuri, unaipanda, unangoja mvua, na hakuna kinachotoka ardhini.

Aliyekuwa anajua hayo yote bila kioo ni Mzee Barasa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kwa miaka mingi alikuwa anapanda ngazi ya bini, anakunja shati, anazamisha mkono wa kulia kwenye mahindi mpaka juu ya kiwiko, anafumba macho. Halafu anasema namba. Wiki ya kwanza tulishindana, mimi na kioo changu, yeye na mkono wake, na tofauti ikawa nusu, sana sana moja. Aliifurahia mashine kuliko mtu yeyote. "Mulembe, Nafula! Leo kioo yetu imeamkaje?" Kila saa aliingia, anasimama mbali kidogo, mikono nyuma, anasoma zile namba kama mtu anasoma barua ya mtoto wake. Mimi ndiye niliyemwambia aache kupanda ngazi. Nilimwambia, "Mzee, magoti yako yapumzike sasa, kazi hiyo mashine inafanya." Nilidhani nampa zawadi.

Mchana tulikula kwa Mama Ruth, jiko la mabati nyuma ya bini. Mama Ruth alipika mrenda ambao mpaka leo sijaonja mwingine kama huo, ulioteleza vizuri, na magadi kwa kipimo, na akikuona umekonda anakuongezea ugali bila kukuuliza. Barasa alipewa finyango ya kwanza siku za nyama, na siku zote aliikata akanipa nusu. "Kula, hii kichwa yako inakula dizeli mingi." Nilikuwa mbali na nyumbani, na kwa kweli niliwapenda wale wazee wawili, na nilijua wananipenda.

Ndipo ikaja Jumatatu ile. Kadi ya kwanza ilikuwa inahudumia bini tatu, na Simiyu alikuwa ameleta ya pili kwa ajili ya zile nyingine. Niliifunga asubuhi, nikaandikisha dereva wake. Iliomba mlango, ikapewa. Iliomba namba ya kengele, ikakataliwa, kumbe printa ilikuwa imeishika. Ikaanza kurudi nyuma kama nilivyoifundisha, ikasafisha, ikaniandikia kwamba imeshindwa. Hakuna kilichoanguka, mashine haikuganda. Nilipiga kofi peke yangu. Kushindwa kwa adabu namna ile ndiko nilikokuwa najivunia. Nikaiweka kadi kando nikaendelea na kazi nyingine.

Mchana kioo kilisema bini ya tatu ina thelathini na sita. Barasa akaongeza dizeli kidogo. Saa nane, thelathini na sita. Akaongeza. Saa tisa, thelathini na sita. Niliona kwa pembe ya jicho amepanda ngazi, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa miezi, na mkono umezama. Alishuka polepole akaja mlangoni.

"Nafula, hiyo kioo iko sawa kweli?"

"Iko sawa, Mzee."

"Mkono inaniambia hapo ndani ni moto. Moto sana."

Nilikuwa nahangaika na ile printa. Sikuinua macho. "Mzee, mashine haidanganyi. Ongeza."

Akasimama pale kidogo, akautazama mkono wake mbele na nyuma, akaenda kuongeza. Jioni, harufu ya mahindi ya kukaangwa ilipoanza kusikika, alizima jiko kwa uamuzi wake mwenyewe na akaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba amezima. Kioo bado kilisema thelathini na sita.

Jumanne asubuhi nilijaribu tena ile kadi ya pili, na kabla sijafanya lolote nikaangalia hesabu ya jedwali. Ilikuwa sifuri. Nikaangalia tena. Sifuri, na programu ya kioo bado inasoma jedwali! Kadi ya pili ilikataliwa kabla haijaongeza hesabu. Bado ilikuwa inaomba kengele, jedwali haikuwa imeligusa. Lakini njia yangu ya kurudi nyuma ilianzia juu mno, ikapunguza moja ambayo haikuwa yake. Moja ile ilikuwa ya kadi ya kwanza. Hesabu ikafika sifuri, jedwali likavunjwa, upimaji wa joto ukasimama, na kioo kikaendelea kusoma mahali palipokuwa na jedwali. Hapo palikuwa bado na namba za Jumatatu asubuhi, maana mfumo ukirudishiwa nafasi haufuti kilichoandikwa, unangoja tu kumpa mwingine. Nilikuwa nimekusanya sahani ya mtu ambaye bado anakula. Nikawasha mashine upya, kioo kikarudi kusema kweli, na bini ya tatu ilikuwa imepoa. Nikahamisha mstari mmoja, mmoja tu, chini ya mwingine. Sasa hakuna mtu duniani angejua isipokuwa mimi.

Nilikusudia kusema. Naapa nilikusudia. Nilienda kwa Mama Ruth mapema nipige moyo konde kwa kikombe cha chai kwanza, na nilipofika nje ya mabati nikasikia sauti ya Barasa ndani.

"Meneja ameangalia kitabu. Kioo imesema thelathini na sita siku mzima, mimi nimezima moto. Ameniuliza mbona. Nitasema nini? Nimemwambia ukweli, mkono ilisikia moto."

"Na kama ilikuwa moto?" akauliza Mama Ruth.

"Mashine haidanganyi, Mama Ruth. Nafula mwenyewe amesema. Hii mkono ndio imekufa. Nimemwambia meneja Ijumaa nirudi nyumbani Ndalu. Ati mtu wa draya bila mkono ni mtu wa nini?"

Yale maneno yalikuwa yangu, na yalitoka kinywani mwake bila uchungu hata kidogo. Ningeinama tu niingie, hatua tatu. Badala yake niligeuka nikarudi kwenye chumba changu. Nilijiambia meneja atanifukuza, Simiyu atapoteza kazi ya kadi, na Bungoma nzima itasema si tulijua kompyuta ya msichana itachoma mbegu za watu. Hayo yote yangeweza kuwa kweli. Lakini mimi najijua: niliogopa ile sekunde ya kwanza tu, Barasa akinitazama baada ya kusikia.

Jumatano nikakaa kimya. Alhamisi pia. Meneja alikuwa amechukua mbegu za bini ya tatu zikapimwe kama zitaota, punje zimeviringishwa kwenye karatasi mbichi, na majibu yangechukua wiki. Nikajiambia ngoja majibu, labda zimepona. Barasa aliendelea na kazi, ila hakuja tena kusoma kioo, alimtuma mwenzake. Mezani alinikatia nyama kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha chini ya meza, nami nilidhani ni huzuni. Mrenda niliuacha kwenye sahani. Mama Ruth akaniuliza kama nina malaria.

Ijumaa saa sita nilimkuta chini ya bini ya tatu anafunga vitu vyake kwenye gunia: koti la mvua, redio ndogo, kigoda. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Nikasema yote kwa pumzi moja, kengele, hesabu, jedwali, sijui alielewa nini, mpaka nikafika pale panapoeleweka.

"Mzee, mkono wako ulikuwa sawa. Mashine ndiyo ilikosea. Mimi ndiye nilikosea."

Aliketi juu ya kigoda.

"Kwa hivyo ilikuwa moto."

"Ilikuwa moto, Mzee."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole vya kushoto, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kisha akafungua kile kitambaa. Mkono ulikuwa mwekundu, umejaa malengelenge mpaka kwenye kifundo. "Jumatano niliweka kwa maji ya ugali ya Mama Ruth," akasema. "Nijue kama bado inasikia. Ilisikia. Nikasema labda ni mimi najidanganya, nikaweka tena."

Mimi nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikalia kwa sauti, wafanyakazi wakaja kuchungulia. Hakunibembeleza, na nashukuru hakunibembeleza. Alifunga kitambaa chake, akafungua gunia, akarudisha koti kwenye msumari wake. "Amka. Twende kwa meneja, wewe useme, mimi nitasimama." Nikasema, yeye akasimama. Meneja alifoka vya kutosha, na kila alipofoka Barasa alikohoa kidogo, mpaka mwisho akachoka. Majibu yalipokuja wiki iliyofuata, zile karatasi zilifunguliwa na punje nyingi zilikuwa zimelala tu, safi, za kupendeza, zimekufa. Mahindi ya bini ya tatu yakapelekwa kusagwa. Simiyu alipanda kutoka Bungoma, akasoma kazi yangu mstari kwa mstari bila kunisemesha, na alipofika pale penyewe akasema, "Nilikuambia mara mbili." Hakunifukuza. Meneja naye aliamua kwamba kioo kibaki, lakini mkono urudi, kila saa, na kitabuni ziandikwe namba mbili. Na kwa kuwa mkono wa Barasa ungechukua majuma kupona, akaamua pia ni mkono wa nani utatumika kwa sasa.

Jumatatu baada ya majibu hayo, asubuhi, tulipanda ngazi ya bini ya kwanza, yeye mbele. Tangu Ijumaa ile hakuwa ameniita jina. Alinikunja shati mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akanishika hapa juu ya kiwiko, akanisukuma mkono ndani ya mahindi mpaka bega likagusa punje. Ndani kulikuwa na joto lililobana kutoka pande zote, na sikujua kabisa ni ngapi. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba.

"Sema."

"Arobaini?"

"Umekosea. Rudia, Nafula. Na ukikosea tena niambie hapo hapo. Usiningojeshe siku nne."